Mbuzi Wangu na Kuku wa Mekatilili: Somo la Hurafa Wakati wa Maafa

 Mlezi wetu aliponiagiza niandike makala ya somo kuhusu hurafa kwa jarida la mwaka huu, nilidhani ananiadhibu, maana ajua vizuri yaliyonipata nilipotunga hurafa yangu ya kwanza. Baadaye nikatambua kwamba ndiyo sababu akanichagua mimi. Basi nitaanza na aibu yangu, kisha tuingie darasani.

Muhula wa kwanza tulipewa zoezi katika mkutano wa Ijumaa: kila mwanachama atunge hurafa isiyozidi kurasa mbili, ihusu janga lililowahi kuikumba sehemu yetu hii ya Kilifi na Malindi. Wengi waliandika kuhusu ukame wa Ganze. Mmoja akaandika kuhusu tsunami ya Desemba 2004, akamfanya pomboo kuwa mzee wa kijiji. Mimi kwa kutaka sifa nikaandika kuhusu Shakahola.

Kwa wenzetu wa kutoka mbali, Shakahola ni msitu ulio bara ya Malindi, upande wa Chakama. Mnamo Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi humo. Watu walikuwa wamemfuata mhubiri mmoja, baadhi wakauza mali zao na kuhamia msituni, na huko wakafunga kula wakitarajia kwenda kumwona Yesu. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na watoto walikuwa wengi. Mhubiri huyo na wenzake walifikishwa mahakamani, wakakana mashtaka. Chama cha Msalaba Mwekundu kilifungua dawati mjini Malindi watu wakaandikishe jamaa zao waliopotea, na ilibidi kungoja uchunguzi wa vinasaba mpaka Machi 2024 ndipo familia za kwanza zikakabidhiwa miili ya wapenzi wao.

Katika hurafa yangu mhubiri alikuwa fisi aliyevaa joho. Wafuasi walikuwa mbuzi. Mbuzi wenyewe nikawafanya wapumbavu kupindukia: waliambiwa majani ni dhambi wakaacha majani, wakaambiwa maji ni dhambi wakageuza vichwa wakipita kisimani. Nikatia na vichekesho. Niliposoma, darasa lilicheka kweli kweli, nami nikawa naongeza sauti ya mbuzi, "mee, mee." Ghafla nikasikia kiti kikivutwa nyuma. Mwenzetu mmoja, dada wa Kidato cha Nne ambaye kwa kawaida ndiye hutusahihishia ngeli, akainuka akatoka nje bila kuaga.

Nilimkuta chini ya mwarobaini ulio karibu na tangi la maji.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Mama yangu mdogo alikuwa humo," akasema. "Yeye na watoto wake watatu. Mpaka leo tumepata mmoja tu wa kuzika. Wewe umewaita mbuzi."

Nikajitetea kama mtu aliyekariri daftari. Nikasema, "Lakini hiyo ni istiara tu."

"Istiara najua ni nini. Mimi nakuuliza hivi: mbona yule ulimpa joho na akili, na hawa ukawapa pembe?"

Sikuwa na jibu. Kengele ya prepu ikalia, naye akaenda zake.

Swali lake ndilo somo letu la leo. Nimelizunguka karibu mwaka mzima, nikasoma, nikauliza, nikaenda mpaka kwa bibi yangu Chakama. Haya ndiyo niliyoyapata.

HURAFA NA KINGA YAKE

Sote twajua kutoka darasani kwamba hurafa ni ngano ambayo wahusika wake ni wanyama waliopewa tabia za wanadamu. Mbinu hiyo ya kumpa mnyama maneno na akili huitwa tashihisi. Hadithi nzima ikiwa na maana ya pili iliyofichwa chini ya ile ya juu, basi tunaiita istiara. Kwa mtihani hayo yatosha. Kwa maisha hayatoshi, kwa sababu hayajibu kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu na jambo zito la kusema aamue kumsemesha mamba.

Jibu la kwanza ni kinga. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mwaka wa 1967 Fortunatus Kawegere alitutafsiria kitabu cha George Orwell kwa jina la *Shamba la Wanyama*, na kila aliyekisoma alitafuta nguruwe wake mwenyewe katika serikali aliyoijua. Nguruwe hawezi kushtaki mtu kwa kumchafulia jina. Anayetaka kushtaki ni lazima kwanza akubali kwamba nguruwe ni yeye!

Mfano wa karibu zaidi ni wa Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa. Alikuwa kijana mdogo tu alipofungwa miaka 3, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa ajili ya waraka ulioitwa *Kenya: Twendapi?* Gerezani hakuruhusiwa kuandika, naye akatunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yakatoka mwaka wa 1973 katika diwani ya *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. (Hebu fikiria hayo: serikali yamfunga mtu, kisha mashairi yake ya kifungoni yapewa tuzo yenye jina la rais wa serikali hiyo hiyo.) Humo mna shairi liitwalo "Mamba". Ukilisoma upesi utaona mto na mnyama anayejiona hatashindwa kamwe. Ukilisoma tena, mto unakauka na unabaki na mtawala. Mshairi hakumtaja mtu. Sehemu ya kifungo hicho aliipitisha Shimo la Tewa, hapo hapo jirani na Mtwapa, mahali tunapopita kwa matatu tukienda Mombasa huku tukila maembe. Tangu nijue hivyo mimi hugeuka nikatazama.

Angalia lakini ni nani aliyefanywa mnyama hapo. Ni mwenye nguvu, yule mwenye bunduki na gereza. Mnyonge alibaki mtu. Hurafa yangu ya mbuzi ilifanya kinyume, na hiyo ndiyo njia niliyokuwa sijaitazama.

MNYAMA AKIWA SILAHA

Ipo hurafa ya pili, na hiyo haitungwi na wanyonge. Inatungwa na wanaotaka kuua. Haina hadithi ndefu wala haihitaji kipaji. Ina neno moja tu.

Rwanda si mbali. Kuanzia Aprili 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, Watutsi pamoja na Wahutu waliokataa mauaji waliuawa, na idadi yao yakisiwa kuwa kati ya 800,000 na milioni moja. Kabla ya panga kulikuwa na redio. Kituo cha RTLM na gazeti la *Kangura* vilikuwa vimewazoesha watu kuwaita jirani zao *inyenzi*, yaani mende, na *inzoka*, yaani nyoka. Fikiria wewe mwenyewe hufanya nini ukiona mende jikoni. Hukai ukajiuliza kama mende huyo ana mama. Waliochagua neno hilo walijua hivyo.

Jambo ambalo wanafunzi wenzangu wengi hawalijui ni kwamba maneno hayo yalihukumiwa papa hapa Afrika Mashariki. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda iliundwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 1994, ikakaa Arusha. Tarehe 3 Desemba 2003 ikawatia hatiani watu watatu katika kesi iliyoitwa ya vyombo vya habari: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza waliohusika na redio ile, na Hassan Ngeze mhariri wa gazeti. Watu hao walishtakiwa kwa walichokisema, walichokiandika na walichokitangaza. Katika rufaa ya mwaka wa 2007 baadhi ya makosa yalifutwa na vifungo vikapunguzwa, lakini hakuna aliyetoka akiwa hana hatia. Nilipomsomea mwalimu mmoja wa historia habari hizi aliniambia, "Basi ninyi watu wa Kiswahili mjue kazi yenu ina kifungo."

Wajerumani walitangulia. Kati ya 1933 na 1945 utawala wa Hitler uliwatesa Wayahudi wa Ulaya, na mwishowe ukawaua milioni 6. Huko mnyama alikuwa panya. Mwaka wa 1940 ilitengenezwa filamu ya serikali ambayo ilionyesha kundi la panya wakienea, kisha ikaonyesha watu, ili mtazamaji aunganishe mwenyewe. Baadaye, katika kambi ya Auschwitz, watu walifungiwa vyumbani wakauawa kwa gesi iliyoitwa Zyklon B. Gesi hiyo ilitengenezwa kuwa dawa ya kuulia wadudu na panya. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikaenda kusimama nje ya bweni. Jazanda ilikuwa imetoka kwenye filamu ikaingia ghalani, ikaagizwa kwa makopo, ikalipiwa.

Ndugu msomaji, mimi sifananishi. Shakahola si Rwanda, na Rwanda si Auschwitz. Kila msiba una kaburi lake. Ninafuatilia kitu kimoja tu, jinsi mnyama anavyotumiwa kwenye maneno kabla na baada ya kifo.

PANYA ALIYERUDISHWA KWA WENYEWE

Je, baada ya hapo mtu aweza kuandika hurafa kuhusu Maangamizi ya Wayahudi? Wapo waliothubutu. Nitawataja wawili, na nina maoni yangu juu yao.

Wa kwanza ni Eve Bunting, mwandishi wa vitabu vya watoto, ambaye mwaka wa 1980 alitoa kitabu kidogo kiitwacho *Terrible Things*. Katika msitu mmoja wanaishi wanyama wa kila namna. Vinakuja Vitu vya Kutisha vikitaka wenye manyoya ya ndege mgongoni, vinawachukua. Wengine wanashukuru kwamba wao hawana manyoya hayo. Vinarudi vikitaka wenye mkia wa manyoya, na wengine wanashukuru tena. Inaendelea hivyo mpaka wanabaki sungura peke yao, na hakuna wa kuwatetea. Kwa mwana wa Pwani hadithi hii haihitaji kufasiriwa: ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Tofauti ni kwamba Bunting anauliza kwa nini hukumshika kinyozi mkono.

Ni hadithi nzuri, na mtoto wa darasa la nne ataielewa. Lakini naona ina upungufu. Vile Vitu vya Kutisha havina sura wala jina, vinakuja kama upepo. Waliowaua Wayahudi walikuwa na sura na majina, walikuwa na mishahara na picha za watoto wao mezani. Na RTLM ilikuwa na watangazaji ambao watu walizijua sauti zao. Hurafa ikimficha muuaji kupita kiasi, msikilizaji mdogo aweza kudhani uovu ni kama mafuriko ya Sabaki, haumilikiwi na mtu.

Wa pili ni Art Spiegelman wa Marekani. Wazazi wake walinusurika Auschwitz. Aliandika na kuchora kisa cha baba yake Vladek kwa mtindo wa vibonzo, kama vile tunavyovisoma magazetini, akakiita *Maus*, neno la Kijerumani lenye maana ya panya. Juzuu ya kwanza ilitoka 1986, ya pili 1991, na mwaka wa 1992 akapewa Tuzo maalum ya Pulitzer. Katika vibonzo hivyo Wayahudi ni panya, Wajerumani ni paka, Wapolandi ni nguruwe na Wamarekani ni mbwa.

Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilisema, huyu naye amefanya kosa langu! Amelichukua tusi la Hitler akawavisha watu wake. Lakini mlezi alileta nakala moja, tukaipitisha meza kwa meza, na pole pole nikaona. Panya wa Spiegelman si wapumbavu. Ni fundi cherehani, ni mfanyabiashara, ni mama anayeficha mkate. Wanagombana, wana ubahili, wanapendana. Vladek mwenyewe ni mzee msumbufu anayehesabu njiti za kiberiti. Baada ya kurasa kumi husomi tena habari za panya. Kisha kuna barakoa. Myahudi anapotaka kupita barabarani kama Mpolandi, anachorwa akiwa amevaa barakoa ya nguruwe yenye kamba kisogoni. Katika juzuu ya pili mwandishi anajichora yeye mwenyewe akiwa mtu aliyevaa barakoa ya panya mezani pake. Anamwonyesha msomaji kamba. Ni kama anasema: neno hili mlitupa ninyi, nami nimelivaa ili muone lilivyoshonwa.

Si wote waliofurahi. Mnamo Januari 2022 bodi ya elimu ya wilaya moja ya Tennessee, Marekani, ilikiondoa kitabu hicho katika masomo, ikilalamikia matusi na picha ya uchi. Picha yenyewe ni ya mama yake mwandishi! Sitasema zaidi.

Mbuzi wangu hawakuwa na kamba. Walikuwa mbuzi mpaka ndani. Hawakuwa na kazi, hawakuwa na jina, hawakuwa na ugonjwa uliowapeleka kutafuta maombi wala deni wala mtoto aliyekufa. Niliwapa mlio tu.

KUKU WA CHAKAMA

Likizo ya Aprili nilikwenda Chakama kwa Hawe, yaani bibi, mama wa baba. Kutoka kwake mpaka msitu wa Shakahola si mbali. Nilikuwa nimeazimia kumwuliza habari za msitu, lakini kila nilipoanza aligeuza maneno. Usiku wa tatu, tukipukuchua mahindi, nikamweleza yaliyonipata chamani, pamoja na mee mee. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Mume wangu," kwani bibi na mjukuu kwetu huitana hivyo kwa utani, "wewe umesahau kuku?"

Nani asiyejua kuku wa Mekatilili? Nimesikia kisa hicho tangu darasa la kwanza na nimewahi kukiigiza nikiwa kifaranga. Ila Hawe alinisimulia upya, akisimamisha kazi ya mikono kila alipotaka nisikilize.

Mwaka wa 1913 Waingereza walitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya wazungu na miradi ya serikali, na walitaka kodi ya nyumba. Ofisa wao alikuwa Arthur Champion. Mwezi wa Agosti akaitisha baraza, ambalo masimulizi ya kwetu yanaliweka Chakama kwenye mto, akadai vijana. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, alikuwa ameshawaamsha watu kwa ngoma ya kifudu iliyo ngoma ya matanga, akienda kijiji kwa kijiji. Siku ya baraza alikuja na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia ofisa, haya, chukua kimoja. Ofisa akanyosha mkono. Kuku akamdona. Mekatilili akasema, umeona? Ndivyo itakavyokuwa ukigusa wanangu.

Mwisho wa kisa hutofautiana. Hawe husema ofisa alikasirika akampiga kuku risasi, na watu wakatawanyika. Wengine husimulia kwamba aliinuka tu kwa hasira. Hiyo ndiyo fasihi simulizi, kila fanani na mwisho wake, na wewe mwanafunzi usichague mmoja ukaupiga mwingine marufuku.

Yaliyofuata yamo katika historia. Wagiriama waliapishwa katika Kaya Fungo, wanawake kwa kiapo cha mukushekushe, wanaume kwa kiapo cha fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali. Oktoba 1913 Mekatilili na mzee Wanje wa Mwadorikola walikamatwa wakapelekwa uhamishoni Kisii. Januari 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu, na anayetaka kujua ni mbali namna gani aichukue ramani apime kwa kidole kutoka Kisii mpaka Kilifi. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikazuka. Wagiriama zaidi ya 100 waliuawa, nyumba zikachomwa kwa maelfu, wakatozwa faini ya rupia 100,000, na waliokuwa kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuhama. Mekatilili alikamatwa tena, akarudi nyumbani baada ya vita, na kaburi lake liko Bungale, Magarini. Mjini Malindi ana sanamu.

"Sasa niambie," Hawe akasema, "pale barazani mjinga ni nani?"

"Ofisa."

"Na mnyama ni nani?"

Nikasita. Kuku ni Mekatilili. Vifaranga ni vijana. Wanyonge ndio wanyama, kama katika hadithi yangu! Lakini hakuna Mgiriama hata mmoja aliyewahi kusikia kisa hicho akaona ametukanwa. Watoto wanagombania kuwa vifaranga jukwaani.

Nimelifikiria jambo hilo kuliko lolote jingine katika makala haya. Naona tofauti iko mahali pawili. Kwanza, Mekatilili alijichagulia mnyama wake mwenyewe. Hakupewa na ofisa. Angaliweza kujiita simba, na mwongo yeyote angejiita simba, lakini simba hana haja ya kuomba. Alichukua mnyama mdogo kabisa wa uani, anayechinjwa kila mgeni akija, akatuonyesha kitu ambacho huyo mdogo hakubali kunyang'anywa. Pili, kuku yule alitenda jambo. Alidona. Mbuzi wangu walitendewa tu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Hata fisi niliyemtumia nilimtumia vibaya. Kwa sababu ya vitabu vya shule nilimwona mlafi na mnafiki, basi nikamvisha joho. Kumbe kwa Wamijikenda wa zamani fisi ni mnyama wa heshima, na wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba kifo chake kiliombolezwa. Kiapo kizito cha wanaume kilikuwa chake. Nilikwenda kuazima fisi wa mbali ilhali wa kwetu yupo! Wanafunzi wenzangu, kabla hujamtia mnyama kwenye hadithi yako muulize kwanza bibi yako anamjuaje.

Kuna jambo moja lilinisumbua, nikamwuliza Hawe kabla hatujalala. Nikamwambia, Shakahola hakukuwa na mzungu. Hakukuwa na wa kumdona. Walikwenda wenyewe.

"Vifaranga walikwenda wenyewe?" akaniuliza.

Sikuthubutu kujibu. Yeye naye hakungoja jibu, akachukua taa akaingia ndani.

TUFANYE ZOEZI

Kwa wale wanaotaka kushiriki mwaka ujao, mlezi na mimi tumekubaliana na jaribio hili. Ukimaliza hurafa yako, chukua kalamu ya risasi, futa kila jina la mnyama uandike juu yake jina la mtu unayemjua, wa nyumbani kwenu au wa jirani. Isome tena kwa sauti. Ukiona haya mahali fulani, tia alama hapo. Pengine haya hiyo ni ya mhusika mwovu, na hapo umeandika vyema. Pengine ni yako wewe.

Mimi nilifanya hivyo na hadithi ya mbuzi. Nilijaza ukurasa wa kwanza alama, wa pili sikuumaliza.

Nikaanza upya. Joho nililitupa. Mbuzi nao niliwaachilia. Nikaandika kuhusu kuku mmoja aliyeugua kwa muda mrefu, ambaye majirani walimkwepa, na aliyeambiwa na ndege mwenye sauti nzuri kwamba kule msituni hakuna mwewe. Alikuwa ameshapoteza vifaranga wawili kwa mwewe. Niliona ni lazima msomaji ajue hilo kabla ya safari, ili asiweze kucheka. Yule ndege nilimpa jina, nikampa kiota, nikaeleza kila jioni alichokuwa anakula yeye wakati wengine wanafunga. Kuhusu vifaranga watatu waliobaki niliandika kidogo tu. Mmoja alirudi usiku mpaka kwenye shamba la mahindi la jirani, akafukuzwa kwa sababu jirani hakujua anatoka wapi.

Sikuisoma mkutanoni. Nilimpelekea dada yule wa Kidato cha Nne, nikaiacha juu ya dawati lake na kikaratasi cha kuomba radhi. Alikaa nayo siku nne. Siku ya tano akaja nayo maktabani, akaketi, akatoa kalamu nyekundu kama kawaida yake. Alikuwa amesahihisha ngeli mahali pawili, na hakusema nimsamehe wala sikumsamehe. Akaweka kidole kwenye aya ya mwisho.

"Hapa umeandika kuku alinyamaza," akasema. "Mama yangu mdogo alimpigia mama simu mara mbili. Ya pili hatukuisikia vizuri, mtandao ulikuwa unakatika. Lakini alipiga."

Nikalifuta neno "alinyamaza". Hadithi imechapishwa katika ukurasa unaofuata, na jina lake halimo kwa kuwa hakutaka.